Almasi ya Mwadui na makabati mawili ya mkoloni

Hapa Tanzania, mjadala wa urithi wa kikoloni kwenye makumbusho ukianza, hazipiti dakika tano kabla haujafika kwenye fuvu na mjusi. Fuvu ni la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Mjusi ni yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake imesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Ni mifano mizito na inastahili kelele zote inazopata. Shida ni kwamba mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita akiusikiliza mjadala huo anaweza kudhani kwake hakikuchukuliwa kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kioo.

Kilichukuliwa. Tena kinang'aa.

Oktoba 1947, katika mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, mjiolojia Mkanada John Thorburn Williamson, akaitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo. Ikakatwa London, ikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikaipachika katikati ya bruchi, lile pambo la kubana kifuani, lenye umbo la ua. Elizabeth alikwishakuwa Malkia, na alilivaa kwenye shughuli kubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2012 liliwekwa kwenye maonyesho ya almasi katika Kasri la Buckingham, kuadhimisha miaka 60 ya utawala wake.

Makala hii haihakiki bruchi. Inahakiki maelezo yake, yaani zile sentensi chache ambazo makumbusho, vitabu vya vito na magazeti hurudia kila jiwe hili linapotajwa. Sentensi hizo ni fupi, zina adabu, na hazina uongo. Lakini zimeacha kitu, na namna zilivyokiacha inatufundisha mengi kuhusu jinsi ukoloni ulivyopanga maarifa yetu.

Lebo inasema nini?

Chukua maelezo yanayorudiwa zaidi, kisha hesabu majina. Kuna Williamson, aliyetoa zawadi. Kuna Elizabeth, aliyepokea. Kuna Briefel na Lemer, waliokata jiwe London. Kuna Cartier. Hata ua linaloigwa na pambo lina jina lake. Kila aliyeligusa jiwe baada ya kutoka Shinyanga anatajwa. Aliyeligusa wa kwanza hatajwi.

Sasa weka sayansi mezani uone pengo lilivyo kubwa. Almasi hutengenezeka kwenye kina cha kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, mahali penye shinikizo na joto kali, chini ya bara la kale ambalo wanajiolojia wanaliita Kratoni ya Tanzania. Ile rangi ya waridi haitokani na kemikali iliyochanganyika humo kama ilivyo kwa vito vingine vingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba fuwele yenyewe ilikandamizwa ikapinda kidogo, na kupinda huko kunabadilisha jinsi mwanga unavyopita. Halafu, takriban miaka milioni 50 iliyopita, mlipuko wa volkano ukaipandisha juu ndani ya mwamba unaoitwa kimbalaiti. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi, na ni miongoni mwa mabomba makubwa zaidi ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani.

Kutoka hapo, ili jiwe lifike mezani kwa Williamson, kuna kazi. Kwenye migodi ya almasi ya enzi zile udongo ulichimbwa, ukabebwa, ukapondwa, ukaoshwa, ukachekechwa. Kokoto nzito zilipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi, kwa sababu almasi haipendi maji na hung'ang'ania mafuta. Mwisho kabisa, jicho la mtu na vidole vya mtu vilichambua kilichobaki. Kwa kila karati moja ziliondolewa tani nyingi za udongo. Hiyo ni kazi ya mamia ya watu, wengi wao wenyeji wa maeneo haya.

Lebo inaruka yote hayo. Inatoka kwenye mlipuko wa volkano hadi mkononi mwa Williamson, utadhani jiwe lilijichimbua lenyewe, likajiosha, likapiga hodi ofisini.

"Lakini ilikuwa zawadi"

Najua kuna msomaji anasema: ndugu zangu, hii si kama fuvu la Mkwawa. Hakukuwa na vita, hakuna aliyeporwa. Mgodi ulikuwa wa Williamson kisheria, na mtu ana haki ya kutoa mali yake zawadi.

Hoja hiyo ina nguvu na tusiikwepe. Williamson hakuwa tapeli. Alizunguka nchi hii miaka mingi akitafuta chanzo cha almasi, wakati zile za Mabuki tayari zilikuwa zinachimbwa. Aliishiwa fedha mara nyingi. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kifedha na baadaye akawa na hisa, ingawa naye hatajwi kwenye lebo. Mwaka 1940 Williamson akapata alichokuwa akikitafuta Mwadui. Uvumilivu wake ni wa kweli.

Ila neno "kisheria" linahitaji kuulizwa: sheria ya nani? Tanganyika ya wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza, na sheria za almasi zilifanya kushika almasi ghafi bila leseni kuwa kosa la jinai. Mgodi ulikuwa na uzio, walinzi na upekuzi. Fikiria maana yake kwa kumbukumbu. Mkulima wa Kisukuma ambaye angesema "niliona jiwe hili shambani kwangu kabla ya mzungu" hangepewa cheti cha ugunduzi, angefunguliwa kesi. Mfanyakazi ambaye angesema "nililiokota mimi" angeulizwa lilikaa mfukoni mwake dakika ngapi. Sheria ile ile iliyomfanya mtu mmoja kuwa mgunduzi iliwafanya wengine wote kuwa washukiwa.

Kwa hiyo ukimya wa lebo haukutokana na usahaulifu. Kwa mwenyeji, kutotajwa ilikuwa njia ya kujilinda. Anayeandika maelezo ya makumbusho leo kwa kunakili karatasi za zamani ananakili pia hofu ile, bila kujua.

Makabati mawili

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka ule ule wa 1940, Dar es Salaam ilifunguliwa Makumbusho ya Ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Wakati huo tayari kulikuwa na Idara ya Jiolojia yenye makao Dodoma, ambayo kazi yake leo inaendelezwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST. Na kulikuwa na watu kama Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii. Cory aliandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, na karatasi zake zipo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukiangalia kwa pamoja, unaona dola ilikuwa na makabati mawili. Kabati la kwanza ni la mawe: ramani, sampuli, ripoti za madini. Humo hakuna watu, isipokuwa wale wenye shahada. Kabati la pili ni la watu: ngoma, vigoda vya watemi, sheria za mahari, dawa za kienyeji. Humo hakuna sayansi. Kitu kikiingia kabati la kwanza kinapoteza wenyewe. Kikiingia la pili kinapoteza akili.

Mfano mzuri ni Warongo. Hawa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika maeneo ya Geita, Biharamulo na Kahama. Majembe yao yalisafiri Usukuma na Unyamwezi, yakalima na yakalipa mahari. Kuyeyusha chuma si mchezo. Lazima ujue jiwe lipi lina chuma cha kutosha na mti upi unatoa mkaa mzuri. Lazima ujue kujenga tanuru litakalozidi nyuzi joto 1,100 kwa mivukuto ya mkono, na namna ya kuizuia hewa isiharibu kazi yote. Hiyo ni jiolojia, kemia na uhandisi kwa mpigo. Mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu uyeyushaji wa chuma wilayani Kahama. Maarifa hayo yalihesabiwa kama nini? Mila. Yakaenda kabati la pili.

Kumbuka kwamba wakati huo mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa unafanya kazi umbali si mrefu kutoka hapo. Dhahabu ya Geita, kwa sehemu kubwa, imekaa ndani na kandokando ya miamba ya kale yenye mistari ya chuma, ya takriban miaka bilioni 2.7. Je, kulikuwa na uhusiano wowote kati ya mahali Warongo walipotafuta mawe yao na mahali wajiolojia walipokuja kutafuta dhahabu? Ni swali halali kabisa la kisayansi. Lakini mwanafunzi anayesoma jiolojia hafungui kabati la mila, na anayesoma mila hafungui kabati la ramani. Swali linakufa katikati ya korido.

Majina yaliyoganda kwenye mwamba

Urithi huu haujakaa makumbusho tu. Upo kwenye daftari la mwanafunzi. Neno kimbalaiti limetokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini, ambao nao ulipewa jina la Lord Kimberley, waziri wa makoloni wa Uingereza. Kila anayeeleza bomba la Mwadui anamtaja waziri huyo, apende asipende.

Neno jingine ni zito zaidi. Miamba ya kale ya Kanda ya Ziwa iligawanywa na wajiolojia wa kikoloni katika makundi mawili makubwa. La chini wakaliita la Nyanza. La juu wakalipa jina la Kavirondo, jina ambalo wakoloni waliwaita Wajaluo na Waluhya wa Kenya, na ambalo wenyewe waliliona la dharau. Ghuba iliyokuwa na jina hilo siku hizi inaitwa Winam. Watu walilikataa, ramani ikabadilika. Lakini fungua machapisho ya jiolojia ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, hata ya karne hii, utalikuta lipo, limetulia kabisa kwenye jedwali la umri wa miamba. Limesahaulika humo kwa sababu limo kabati la mawe, na kabati la mawe linadhaniwa halina siasa.

Haimaanishi kila neno lifutwe kesho. Sayansi inahitaji majina yanayodumu, la sivyo hatutaelewana na waliotutangulia. Ila kuna tofauti kati ya kulitumia jina ukijua lilikotoka na kulitumia kama vile lilishuka na mvua.

Tendaguru walifanyaje?

Kuna hoja nyingine husikika: "Tungependa kuwataja wafanyakazi, lakini majina hayapo." Kwa hoja hii turudi kwa yule mjusi wa Lindi, maana ana jibu.

Uchimbaji wa Tendaguru ulifanyika kati ya 1909 na 1913 chini ya makumbusho ya Berlin. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Kwa miongo mingi sifa zilibaki kwa maprofesa. Lakini msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na jina lake lilikuwa limeandikwa. Mwaka 2007 mtafiti Mjerumani alipotambua aina mpya ya dinosaria kutokana na mifupa ya pale, aliiita Australodocus bohetii. Mwaka 2019 aina nyingine ikaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo. Majina yalikuwepo kwenye karatasi kwa karibu miaka mia. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasoma kama sehemu ya sayansi.

Mifupa bado iko Berlin, kwa hiyo tusipige vigelegele mapema. Jina la Kilatini halilishi mtu Lindi. Lakini hatua hiyo imevunja kisingizio. Mgodi wowote hauendeshwi bila daftari la mishahara, orodha ya zamu na kitabu cha walinzi. Hizo ni karatasi ambazo kwa kawaida hakuna anayeziita za kisayansi. Kwa Mwadui, hizo ndizo za kutafuta kwanza.

Na sisi wenyewe?

Itakuwa rahisi mno kumaliza kwa kuwalaumu wa Ulaya. Mgawanyo wa makabati mawili tumeurithi na tunautunza vizuri sana. Darasani bado tunafundisha kwamba almasi ya Mwadui "iligunduliwa na Dr. Williamson mwaka 1940", nukta, na mtihani unataka jibu hilo hilo.

Angalia Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza. Yalianzishwa na mmisionari Mkanada, Padri David Clement, pamoja na Wasukuma wenyewe, na ni kati ya makumbusho bora tuliyo nayo nje ya Dar es Salaam. Kuna jengo la vifaa vya watemi lenye umbo la kigoda cha enzi, kuna nyumba ya mfua chuma, kuna nyumba ya mganga. Ngoma zake hazijafa: mashindano ya Bulabo bado yanajaza watu. Kwa wazo la kwamba kitu cha makumbusho kinaweza kuendelea kuishi na wenyewe, Bujora iliwatangulia wengi wanaohubiri jambo hilo leo. Hata hivyo tunaipeleka huko mikoba ya wanafunzi wa historia na utamaduni. Ni lini walimu wa kemia na jiolojia walipeleka darasa lao kwenye ile nyumba ya mfua chuma? Hiyo ndiyo maana ya makabati mawili kubaki yamefungwa, ingawa ufunguo tunao sisi.

Na jambo hili si la heshima tu, lina bei. Oktoba 2022 almasi nyingine ya waridi kutoka Mwadui, yenye karati 11.15 baada ya kukatwa, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57 za Marekani. Iliitwa Williamson Pink Star. Jina la mwenye mgodi aliyefariki mwaka 1958 bado linapandisha bei. Mwaka mmoja kabla, Mei 2021, kampuni ya Petra Diamonds iliyokuwa ikiendesha mgodi huo ilifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya wananchi waliosema waliumizwa na walinzi wa mgodi. Wengi wa wanaokamatwa ndani ya uzio ule, mtaani huitwa wabeshi. Aliyelipata jiwe mwaka 1947 hana jina. Anayelitafuta leo anapewa jina la utani la mwizi. Tangu zamani kumbukumbu ya pale imekuwa na nafasi mbili tu kwa mwenyeji, asiyetajwa na mshukiwa.

Tufanye nini?

Kudai bruchi irudi ni mjadala halali na wenye uwezo wa kisheria waufanye. Lakini kuna kazi ambayo haisubiri mahakama wala balozi. Kila rekodi ya jiwe, sampuli au ramani iongezewe mistari mitatu: nani alilitoa ardhini, wenyeji wanapaitaje mahali hapo, na lilitoka chini ya sheria gani. Kama jina halijapatikana, iandikwe wazi kwamba halijapatikana, ili pengo lionekane. Pengo lililoandikwa humsumbua mtafiti anayefuata, ila lililofichwa halimsumbui mtu.

Kazi ya pili ni yetu wanafunzi. Anayeandika tasnifu ya jiolojia Geita apite kwenye karatasi za Cory na simulizi za Warongo. Anayeandika tasnifu ya historia Shinyanga ajifunze kusoma ramani ya GST. Wazee waliofanya kazi Mwadui miaka ya mwanzo wanazidi kupungua, na kinasa sauti cha simu kinatosha kuanza.

Geita wana neno magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa umeyatupa kama mabaki. Wachimbaji wadogo huyachukua, huyaponda upya, na hupata dhahabu, kwa sababu aliyeyatupa alikuwa anatafuta kitu cha kiwango chake tu. Nyaraka za kikoloni ni magwangala. Waliozipanga walichukua walichokitaka na kutuachia rundo. Rundo hilo bado lina kitu ndani, tena lipo Dodoma na Dar es Salaam, umbali wa nauli ya basi.